Wadau wa Tanga: baikoko uwani hakuna neno, ikiingia kwenye video inakuwa udhalilishaji. Kwa nini?

KataKlipu_Ngamiani (mwenye uzi)

Wadau habari za saa hizi. Mi kijana wa hapahapa Ngamiani, kazi yangu kushuti na kukata video, harusi ndo nyingi, mahafali mara mojamoja, na nyimbo za madogo wa singeli na bongo fleva wa hapa mjini wanaotafuta kutoka. Sasa nna kazi iko mezani, msanii (jina naliacha) kaimba wimbo wenye vionjo vya baikoko, ile ngoma yetu ya kiuno ambayo wanawake huicheza uwani wenyewe kwa wenyewe, tukashuti Raskazone jioni jua linazama, madansa wa kike, kanga kiunoni, ngoma inalia, picha imetoka safi kabisa sina wasiwasi nayo.

Naendelea kukata, mdogo wangu wa kike anayesoma sosholojia Dar yupo likizo, kakaa nyuma yangu anaangalia skrini, mara ananambia "kaka hiyo video yako jicho la kiume tupu". Ndo nini hiyo? Akaanza kunimwagia majina, Mulvey, bell hooks, sijui nani, nikamwambia hebu ngoja kwanza. Mama yetu yuko jikoni akadakia, mbona kwenye harusi ya binti wa jirani walicheza hivyohivyo na kuzidi na wewe mwenyewe ulirudi umejifunga kanga mbili? Dogo akanyamaza ila hakukubali, mi nikabaki na swali.

Kiuno kilekile, kanga ileile, pengine hata mchezaji yuleyule. Sasa kwa nini uwani ni mila halafu kwenye video ni udhalilishaji wa mwanamke? Na hizi nadharia za ufeministi zilizoandikwa huko Ulaya na Marekani zinatuhusu vipi sisi watu wa pwani? Nauliza kwa nia njema, msanii anataka mzigo wake haraka kwa hiyo nahitaji majibu ya kufanyia kazi, matusi pelekeni nyuzi zingine.

MzeeWaKahawa

Weka video kwanza wadau tuione ndo tutoe ushauri wa kitaalamu 😂😂

Binti_Sahare

@MzeeWaKahawa asante, umeshajibu nusu ya swali.

@KataKlipu mdogo wako kasema kweli ila kakupa majina bila maelezo. Laura Mulvey ni Mwingereza, 1975 aliandika makala kwenye jarida la filamu linaitwa Screen, alikuwa anazungumzia sinema za Hollywood za zamani, zile za kina Hitchcock. Ukiondoa yale mambo ya Freud (mi huwa nayaruka, yanachosha) hoja yake, ndo hilo jicho la kiume, ni kwamba sinema ina macho matatu, la kamera, la sisi tuliokaa tunaangalia, na la wahusika wenyewe wanavyotazamana, na yote matatu yamepangwa yakae upande wa mwanaume. Mwanaume ndo anatenda, anafukuza, anapigana, anatafuta kitu. Mwanamke akitokea hadithi inasimama kidogo ili atazamwe, kisha inaendelea bila yeye. Kabla yake kidogo, 1972, John Berger alishasema jambo la karibu na hilo kwenye kipindi cha BBC na kitabu chake Ways of Seeing, ila yeye alikuwa kwenye michoro ya rangi za mafuta ya Ulaya, kwamba mwanamke anakuzwa ajiangalie mwenyewe huku akijua kuna mtu anamwangalia.

Video ya muziki ni kali zaidi kwa sababu mara nyingi hata hadithi haina. Fungua yoyote uliyonayo kwenye simu sasa hivi. Anayetutazama machoni na kuongea ni msanii. Madansa wanatazama pembeni, au wanamtazama yeye, au sura hazipo kabisa, kuna kiuno, kuna paja, kuna mdomo, kuna mgongo unaenda zake. Hakuna anayezaliwa akiwa vipande, mtu anakatwa vipande kwenye kompyuta, na kompyuta ni yako wewe. Ndo maana dogo alikwambia wewe na hakumwambia dansa.

Kuna mwalimu wa chuo kikuu cha Massachusetts kule Marekani, Sut Jhally, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikusanya vipande vingi vya video za MTV akavipanga pamoja, akaondoa nyimbo akaweka sauti yake anaeleza, filamu ikaitwa Dreamworlds. MTV wakamtishia kesi, hakurudi nyuma, na ameitengeneza upya mara mbili baada ya hapo. Ukiondoa muziki unaona kitu ambacho midundo ilikuwa inakificha, yaani wanawake wa wimbo huu na wa wimbo ule na wa ule mwingine wanafanya kitu kilekile kana kwamba ni mtu mmoja. Jaribu kwenye taimulaini yako, zima sauti kabisa angalia mwanzo mwisho.

Abuu_Pongwe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mnazunguka sana na Wazungu wenu. Mwili wa mwanamke ni stara, uwani au nje ya uwani. Serikali ingefungia hizi video zote tungepumua, watoto wetu wanaziona kwenye simu asubuhi kabla hata ya chai. Huyo kijana aache kazi hiyo atafute nyingine, riziki iko kwa Mungu.

Bi_Mkubwa_Makorora

Waalaykum salaam mwanangu Abuu. Stara umesema vizuri, ila uwani wewe hujaingia na hutaingia, kwa hiyo hapo ngoja wenyewe tuseme.

Mwanangu mwenye swali, mimi vyuo sikusoma ila uwani nimekaa umri wangu wote na wari nimewafunda, sasa wengine ni bibi za watu. Umeuliza kwa nini kiuno kilekile. Kiuno kilekile kweli, lakini uwani haingii mtu kuja kutazama tu akaondoka. Ukitazama utaitwa katikati, ukikataa utavutwa, ukicheza vibaya utachekwa mpaka kesho na wiki ijayo sokoni utakumbushwa. Kila jicho pale lina deni. Hakuna aliyekaa nje ya ngoma anakula kwa macho halafu anajiendea zake.

Halafu pale kuna ngazi. Haanzi mtoto. Anaanza mkubwa, somo, yule aliyefunda wengi, na mimi nakwambia wanaocheza vizuri kuliko wote ni watu wazima, mwanamke wa miaka 60 mwenye magoti mabovu akishika kiuno chake mabinti wote wanakaa chini. Kwenye hizo video zenu yuko wapi huyo? Naona mnachukua wasichana wa miaka 20 tu, wote wembamba, wote wa rangi moja. Ngoma ya nani hiyo? Kinachofundishwa pale ni maisha, namna ya kukaa na mtu, namna ya kujitunza, namna ya kujua mwili wako ni wako na una raha yake, na mengine siyasemi hapa hata mkinibembeleza. Na mzaha mwingi sana, ule mchezo una kicheko, tunawaigiza wanaume humo tunavunjika mbavu. Kwenye video sijaona hata mmoja anacheka, wote wamenuna kama wamefiwa.

Simu siku hizi tunaziweka kwenye kapu mlangoni na bado lipo shetani moja linaficha ndani ya kanga. Ikitoka nje picha hiyo ndoa zinavunjika, na anayeachwa siyo aliyepiga picha.

MzukaWaDonge

Bi Mkubwa shikamoo. Ila baikoko hii ya mtaani tunayoijua sisi wapiga ngoma si wanaume? Na inachezwa barabarani kabisa, hema limefungwa, watoto wamepanda kwenye ukuta. Sasa hilo jicho la kiume halikuwepo pale tangu zamani?

Bi_Mkubwa_Makorora

Marahaba. Hujakosea, hii ya barabarani imetoka nje kitambo, ya ndani kabisa ngoma tunapiga wenyewe. Lakini hata hiyo ya nje, mtazame mpigaji vizuri. Yule haangalii kiuno ili astarehe, anakiangalia ili asipotee, mchezaji akibadilisha na yeye abadilishe, akichelewa atatukanwa na wanawake wote waliopo. Kiuno kinaongea ngoma inajibu. Ndo maana nasema hizi video zinazosogeza kamera mpaka inaingia kwenye nyama zinaua mchezo wenyewe, unaona kiuno lakini husikii kinajibizana na nani.

Binti_Sahare

Bi Mkubwa hapo kwenye ngazi umenikumbusha mtu. Kuna profesa Mnaijeria, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, 1997 alitoa kitabu The Invention of Women, anasema kwa Wayoruba wa zamani kabla ya ukoloni kilichopanga watu kilikuwa umri na nani alitangulia kuingia kwenye ukoo, ke na ume haikuwa jambo la kwanza. Na anasema fikra za Kizungu zinategemea sana jicho, zinaupima mtu kwa kuuona mwili wake, wakati jamii nyingine zinatumia na sikio na hisia zote. Wapo wengi waliompinga, hasa hilo la kusema jinsia haikuwepo, na mi mwenyewe sijakubali yote. Ila kwa swali la @KataKlipu anasaidia kuliko Mulvey, kwa sababu Mulvey anakwambia jicho ni la nani, huyu anakuuliza kwani lazima iwe jicho? Uwani kuna sikio, kuna kuitwa kwa zamu, kuna mkubwa na mdogo. Kamera ukiingiza inabeba jicho peke yake, vingine vyote vinabaki mlangoni kwenye kapu na simu.

@Abuu_Pongwe waalaykum salaam kaka, kwenye kufungia ngoja kidogo, naona kuna mtu anaandika muda mrefu.

Kiuno_Kazi

Ni mimi naandika kwa simu na betri inakufa lakini lazima niseme maana nyote mnatuongelea na hakuna aliyetuuliza.

Mimi ni dansa, nimecheza kwenye video nyingi kidogo, za hapa na za Dar, nyingine mmeziona sana tu ila hamnijui na hamtanijua kwa sababu sura haipo na jina halipo. Naitwa jioni, "kesho saa kumi na mbili asubuhi njoo na kanga mbili na kitu cheusi cha kubana", hela inatajwa kwa mdomo, unafika msanii hajafika, mnakaa juani, anakuja saa nane mchana na watu wake, mnaanza. Dairekta anasema inama zaidi. Zaidi. Geuka. Hapohapo. Rudia. Hakuna anayekuuliza huu mchezo kwenu unachezwaje. Kuna moja nilifanya tukaambiwa malipo video ikitoka, ikatoka, ikapata watu mpaka basi, simu hazipokelewi tena, hata nauli nilijilipia. Simtaji, yeye anajijua.

Na ndugu yangu Abuu, wakisema wafungie nani anafungiwa? 2016 serikali iliifungia video ya wimbo Chura ya mwimbaji Snura, akasimamishwa na maonyesho mpaka akajisajili BASATA, lile baraza la sanaa la taifa. Jina lililozunguka nchi nzima lilikuwa la mwanamke mmoja. Haya nitajie wewe aliyeshika kamera. Nitajie aliyekata. Hujui, na mimi sijui, hakuna anayejua. Sisemi ile video ilikuwa nzuri, sisemi mbaya, nasema rungu likishuka linajua njia ya kwenda kwa nani. Mi nikikatazwa kucheza nakosa hela ya kodi, wale watazamaji wanahamia video nyingine ya Kinaijeria palepale.

Kitu ambacho madansa wengi hatukijui, sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999 inamtambua mtumbuizaji, na mchezaji ngoma yumo humo, siyo mwimbaji peke yake. Kwa hiyo mkataba wa karatasi moja tu ungebadilisha mengi kuliko hivi mnavyobishana kiuno kionekane au kisionekane. Betri 3%.

Abuu_Pongwe

Dada yangu hilo la kutolipwa ni dhulma na dhulma haina mjadala, mlipwe kabla jasho halijakauka. Kwenye kufungia bado nina msimamo wangu ila nakubali anayepiga picha naye afungiwe, tena yeye awe wa kwanza.

KataKlipu_Ngamiani

Sheikh sasa unanifungia mimi 😅

FundiSimu_Tangamano

Nyie mnaongea kama hawa wanawake wameshikiwa bunduki. Wasanii wa kike wakubwa wanajivua wenyewe kwenye video zao wenyewe kwa hela zao wenyewe, menejimenti yao, dairekta wamemchagua wenyewe. Huko nako jicho la kiume limeingilia wapi? Beyoncé naye kalazimishwa? Mwanamke akitumia uzuri wake kupata hela mnasema kadhalilishwa, akikaa nyumbani mnasema kaonewa. Na wanaozirudia hizo video mara mia ni wasichana, mi natengeneza simu nawaona wanachohifadhi, siyo wanaume.

Binti_Sahare

Kwanza uache kuangalia simu za wateja kaka, hiyo ni kesi nyingine.

Hoja yako ya Beyoncé ina uzito na haijaanzia kwako, feministi weusi wenyewe kwa wenyewe wamegombana juu yake. bell hooks (ndivyo alivyotaka jina lake liandikwe, herufi ndogo) 2016 aliandika kuikosoa Lemonade, albamu ya Beyoncé yenye video zake, kwamba ni nzuri machoni lakini mwisho wa siku mwili wa mwanamke mweusi bado ni bidhaa inayouzwa na maumivu yake yamepambwa. Wanawake weusi wengine wakamjibu vikali kwamba hawezi kuwaambia wapi waone nguvu yao. Mi nadhani wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Mtu anaweza kuchagua, na akachagua kutoka kwenye kabati ambalo lina nguo za aina moja. Msanii wa kike anayeanza leo akitoka na gauni la mikono mirefu anaimba amekaa, hiyo video itapigwa wapi?

Na kuhusu wasichana kuangalia, huyohuyo bell hooks kwenye Black Looks, 1992, anasema kuangalia siyo kumeza. Watumwa kule Marekani walikuwa wanaadhibiwa kwa kumtazama bwana machoni, kwa hiyo kutazama kwenyewe kukawa ni ukaidi, na wanawake weusi waliokaa kwenye sinema za Wazungu wakajifunza kutazama kwa kupinga, kwa sababu pale hawakuwepo, au walikuwepo kama mayaya. Hii si mnaiona nyumbani? Shangazi yangu akikaa mbele ya TV hakuna video inayopita salama, "hilo gari la kukodi, huyo mume wa mtu, na wewe mtoto utapata baridi ya mifupa". Anaangalia yote mpaka mwisho, haamini hata moja.

Pia @Abuu_Pongwe, kati ya kufungia na kunyamaza kuna njia nyingine. 2004 wanafunzi wa Spelman, chuo cha wanawake weusi kule Atlanta, walisikia Nelly, rapa wa Marekani, anakuja chuoni kwao kuchangisha watu wa kutoa uboho kwa wagonjwa wa saratani ya damu, dada yake alikuwa mgonjwa. Wakati huo ana video ya Tip Drill ambayo mwanaume anapitisha kadi ya benki kwenye makalio ya mwanamke. Wakasema karibu, ila njoo tuongee na kuhusu hiyo video. Ile shughuli pale chuoni haikufanyika na lawama zikawaangukia wao, eti wanazuia watu kupona. Hawakuomba serikali imfungie, waliomba mazungumzo tu na hata hayo hawakuyapata.

TarabuHalisi_TA

Nimechelewa wadau nilikuwa msibani. Mmekwenda Atlanta mmekwenda Uingereza, rudini Tanga kidogo.

Mji huu ndo ulikuwa wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, miaka ya 60 watu wa pwani nzima wanasikiliza tarabu ya Tanga, na mwimbaji Shakila alipita humo Black Star, binti wa Pangani, Mungu amrehemu alifariki 2016. Nani anakumbuka kiuno cha Shakila? Alikuwa anasimama wima, mikono kaituliza, sauti inafanya kazi yote. Na Siti binti Saad kabla yake, amezaliwa Unguja kwenye umaskini, 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, sauti yake ikazunguka Afrika Mashariki yote na wasikilizaji wengi hawajawahi hata kumwona. Ule wimbo wake wa Kijiti sikilizeni maneno, mwanamke mgeni kauawa, muuaji katoroka, mashahidi ndo wanafungwa. Ni wimbo wa karne iliyopita unasema kilekile alichosema hapo juu Kiuno_Kazi. Wale waandishi wa habari wanawake wa TAMWA walipoanzisha chama chao 1987 na baadaye jarida wakaliita Sauti ya Siti, hawakuokota jina hilo barabarani.

Kingine, kwenye tarabu anayetazamwa ni nani hasa? Mwimbaji kasimama palepale, wanaotoka mbele ni wanawake wa ukumbini, gauni limeshonwa kwa ajili ya usiku huo, noti mkononi, anasubiri mstari wake ufike ndo anainuka kutunza, anapita mbele ya mbaya wake polepole, noti anaipepea, ukumbi mzima unajua anamwambia nani. Kuna Mmarekani Kelly Askew alikaa hapa Tanga miaka ya 90 akaimba humohumo kwenye vikundi, kitabu chake cha 2002 kinaeleza vizuri kwamba yule anayetunza ndo anasema kwa mdomo wa mwimbaji. Pale mwanamke anatazama, anatazamwa, analipa, na anajibu, vyote kwa wakati mmoja. Sasa nionyesheni huyo Mulvey angemweka wapi mwanamke wa namna hii, na sisemi kwa kejeli, nauliza.

Ilipokuja ya kisasa na mipasho, kina Khadija Kopa na kundi la TOT, mwimbaji akaanza kuchezesha mwili na mimi wakati ule nilinuna. Ila mpasho ulibaki mkali, mwanamke alikuwa bado ana neno. Kilichonishinda ni hizi za sasa ambazo dansa hana neno, hana jina, hana noti.

Bi_Mkubwa_Makorora

Tarabu umenikumbusha mbali wewe. Shakila akiimba Macho Yanacheka watu walikuwa wanalia.

MzukaWaDonge

Mi nina swali dogo, kwa hiyo dairekta akiwa mwanamke tatizo limeisha?

Kiuno_Kazi

Nimechaji. Hapana haliishi. Nimeshutiwa na dada mmoja naye akasema inama zaidi, kwa sababu anayelipa kasema hivyo. Tofauti yake alituletea maji na sehemu ya kubadilishia nguo, si haba, kwingine tunabadilishia nyuma ya gari huku vijana wanapita. Ila fremu ilikuwa ileile.

KataKlipu_Ngamiani

Wadau nimesoma zote, asanteni, hata Sheikh. Nimefanya ile ya kuzima sauti. Sitawadanganya, kwa video yangu bila muziki msanii anaonekana kama mtu anayeuza kitu na bidhaa ziko nyuma yake. Dogo kakaa hapo anatabasamu hasemi kitu, ananiudhi.

Lakini na mimi nina hoja yangu kama fundi. Huu wimbo una baikoko ndani yake, kiuno ndo ala mojawapo. Nikikiondoa nimeweka nini? Msanii mrembo anatembea ufukweni, zipo elfu. Aliyosema Bi Mkubwa ndo yamenikaa, kwamba tatizo ni kukisogelea mpaka kinapoteza anayejibizana naye. Kwa hiyo nimerudi kwenye zile klipu nilizozitupa, zipo pana, dansa anaonekana kuanzia kisigino mpaka kitambaa cha kichwa na mpiga ngoma yuko ndani ya fremu hiyohiyo, nilizitupa kwa sababu ya kawaida tu, kwamba kwenye simu watu wanakuwa wadogo. Nimeziweka bila slo mosheni. Aisee ngoma imerudi, unaona kabisa dansa anamvuta mpigaji, kuna sehemu jamaa anapotea na dada anamcheka, kicheko cha kweli, hiyo nilikuwa nimeikata nikaona imeharibu pozi. Sasa ndo inafungua video.

Msanii nimemtumia kipande. Kajibu "bro mbona kama harusi". Tunavutana. Anataka zile za karibu zirudi kwenye kiitikio kwa sababu watazamaji wanashika hapo, na hela ni yake. Nimekubali mbili, hakubali mbili.

Madansa majina nataka kuyaweka mwishoni, kila mtu na jina analotaka litokee. Nimewapigia, mmoja kasema asiwekwe, baba yake hajui.

Binti_Sahare

Usimweke. Na muulize pia kama anataka sura yake ibaki, usimwamulie.

MzeeWaKahawa

Kwa hiyo video haiwekwi hapa?

KataKlipu_Ngamiani

Haiwekwi mzee wangu. @Bi_Mkubwa_Makorora shikamoo, nilikuwa na ombi, nikimshawishi huyu jamaa turudi Raskazone nusu siku, ungekubali kuja wewe na wenzako wawili watatu mcheze kidogo tu, hata ile ya barabarani, tuwe na watu wazima kwenye fremu?

Bi_Mkubwa_Makorora

Marahaba. Mimi sipigwi video. Nitakuja kukaa kwenye kiti nyuma ya hiyo kamera yako niwaelekeze hao wasichana, maana wa kwenye video huwa nawaona mguu wa kushoto wanauburuza. Ila yupo mwenzangu wa kule Duga anapenda sana kuonekana, watoto wake wameshamzoea, nitamuuliza yeye.

Kiuno_Kazi

Na hiyo nusu siku ya kurudia ina malipo yake mapya au mnasema tumeshalipwa? Andika hapahapa watu waone.

KataKlipu_Ngamiani

Mapya. Na karatasi ya kusaini naandaa, sheria yenyewe dogo ananitafutia.